Ndege Mwenye Miguu Kumi

Dominika ya Nne ya Pasaka, Mwaka B (Yoh 10:11-18)



Leo ni Dominika ya Nne ya Pasaka, ambayo tumezoea kuiita Dominika ya Mchungaji Mwema. Tangu mwaka 1964, kwa agizo la Papa Paulo wa Sita, Kanisa lote huitumia siku hii kuombea miito mitakatifu. Katika Injili tuliyoisikia, Bwana wetu anajilinganisha na mchungaji mwema, kisha anamweka mbele yetu mtu wa pili, yaani mtu wa mshahara. Wote wawili hukaa na kundi, na wote wawili hushika fimbo. Mchana majani yakiwa tele na maji yakiwa karibu, mpita njia hawezi kuwatofautisha. Ajapo mbwa mwitu ndipo tofauti yao huonekana, kwa maana mmoja husimama na mwingine hukimbia. Bwana anatueleza pia sababu ya kukimbia kwake: huyo wa pili hana uchungu na kondoo, kwa kuwa si wake.

Ninajua kwamba wengi wenu mnaonisikiliza kandokando ya Ziwa Viktoria hamjapata kuchunga kondoo hata siku moja. Ninyi mwaishi kwa nyavu na mitumbwi. Kwa hiyo naomba leo niwapeleke mahali mnapopajua vizuri kuliko mimi, kwenye mafunjo na mayungiyungi ya ufukweni, tukawatazame ndege wa majini wakati wa kulea makinda yao. Mwenyezi Mungu ana vitabu viwili, kama walivyofundisha wazee wa Kanisa: Maandiko Matakatifu na viumbe vyake. Leo tutafungua vyote viwili. Katika hicho cha pili nitawasomea ukurasa mmoja ambao mimi mwenyewe niliusoma vibaya, na nisingependa ninyi muusome hivyo.

Nilipotimiza miaka kumi ya upadre, ndugu zangu wa ukoo walinizawadia kamera yenye lenzi ndefu, ya kuvuta karibu vitu vilivyo mbali. Siku ya Jumatatu, ambayo kwa mapadre wengi ndiyo siku ya kupumzika, nilianza kwenda kwenye kigango kimoja cha ufukweni. Katekista wa pale, mzee mvuvi, alinipakia katika mtumbwi wake na kunipeleka polepole kati ya mayungiyungi. Yeye aliwajua ndege wote kwa sauti zao, nami niliwajua kwa kuwasoma vitabuni. Mara nyingi yeye alikuwa sahihi.

Asubuhi moja ya masika tulimwona ndege mmoja juu ya majani ya yungiyungi. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, shingo yake nyeupe, na paji la uso wake la buluu. Vidole vyake vilikuwa virefu ajabu, na kwa vidole hivyo hutembea juu ya majani yaeleayo bila kuzama. Wataalamu humwita jakana. Nikainua kamera, nikatazama, nikashangaa. Nikamwambia mzee, "Katekista, ndege huyu ana miguu mingi." Akajibu bila kugeuka, "Hesabu vizuri, Padre." Nikahesabu. Ilikuwa kumi.

Mzee akacheka, akaniambia nisubiri. Baada ya kitambo yule ndege alichuchumaa, akafungua mabawa yake kidogo, na vifaranga wanne wakaanguka juu ya jani, kila mmoja na miguu yake miwili mirefu. Alikuwa amewabeba wote chini ya mabawa, wawili kila upande, na miguu yao ilikuwa ikining'inia nje. Kivuli cha mwewe kilipopita juu ya maji, ndege alilia mara moja tu, na vifaranga wakatoweka. Wengine walirudi mabawani. Mmoja, aliyekuwa mbali, alizama majini na kubaki hapo, ncha ya mdomo tu ikiwa juu ili apate pumzi. Mwewe alizunguka, hakuona kitu, akaenda zake.

Kilichonigusa zaidi nilikijua baadaye. Ndege yule mwenye miguu kumi alikuwa ni dume. Katika jamii ya jakana, jike hutaga mayai, kwa kawaida manne, juu ya rundo la majani mabichi lieleayo majini. Kisha baba ndiye ayaatamiaye. Kwa kuwa kiota hicho kina unyevu, baba huyaweka mabawa yake chini ya mayai yasiguse maji, akayakumbatia hivyo kwa muda upatao majuma matatu hadi manne. Yakianguliwa, ni yeye awalindaye vifaranga, awaitaye, na kuwabeba.

Niliporudi kigangoni nilisimulia jambo hili katika mahubiri, mbele ya wanaume walioketi, kama ilivyo desturi yetu, karibu na mlango wa kutokea. Niliwauliza ni nani kati yao ajuaye jina la mwalimu wa mwanawe. Ni nani ajuaye mtoto wake ana umri gani, pasipo kumwuliza mama yake kwanza? Walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa kifupi.

Hata hivyo, ndugu zangu, hatuna budi kuwa waangalifu. Sisi hatuendi kwa ndege kutafuta amri za Mungu. Jike la jakana, akisha kutaga, humwacha dume na mayai yake, akaenda kutaga kwa mume mwingine na mwingine. Hilo silihubiri, na naomba mtu asiondoke hapa akisema Padre kaliruhusu! Ndege hana dhambi wala hana fadhila. Anafuata maumbile aliyopewa. Sisi tumepewa akili na hiari. Lakini kama kiumbe asiye na akili anaweza kukumbatia mayai mwezi mzima juu ya maji, basi mwenye akili anayekimbia malezi atajitetea kwa hoja gani siku ya mwisho?

Sasa niwasimulie ukurasa nilioahidi, ule nilioharibu mimi mwenyewe.

Mwaka ule ule, masika yalipopita na maji kurudi nyuma, tulifika kwenye ufukwe mkavu wenye mchanga. Huko huishi ndege mdogo wa jamii ya vitwitwi, asiyezidi ukubwa wa ngumi ya mtoto. Hajengi kiota cha kusifiwa. Hutaga mayai yake, mara nyingi mawili, katika kishimo kidogo mchangani. Akiona adui, huyafukia haraka kwa kurusha mchanga kwa miguu, kisha huondoka kana kwamba hapakuwa na kitu. Adui akizidi kukaribia, ndege huyu hufanya jambo la ajabu zaidi. Huanza kuchechemea, huburuta bawa moja kama lililovunjika, huanguka, huinuka, hulia. Mbweha au mbwa akimwona hivyo hufikiri amepata kitoweo rahisi, humfuata. Ndege humvuta adui hatua kwa hatua, mbali na mayai, na akisha kufika mbali vya kutosha, huruka akiwa mzima. Maana yake ni kwamba huuweka uhai wake mahali pa hatari ili hatari isifike kwa watoto.

Mimi nilitaka picha ya ndege huyo akiburuta bawa. Nilijua kwamba ili afanye hivyo, ni lazima aone adui karibu na mayai yake. Basi, wapendwa, nilijifanya adui. Nilikaa karibu na kile kishimo tangu saa tatu asubuhi mpaka karibu saa sita, jua likiwa kali. Ndege alichechemea, akalia, akalala ubavu mchangani, nami nikapiga picha. Akaruka, akarudi, akaanza upya, nami nikapiga tena. Mwenziwe alikimbia huku na huko. Katekista alikaa mtumbwini, kimya. Mara moja aliniita, "Padre, yatosha," nami nikainua mkono kumwashiria asubiri.

Nilipoondoka hatimaye, nikageuka kuangalia nyuma. Kunguru wawili walikuwa wameshuka pale nilipokuwa nimekaa. Nyayo zangu zilikuwa zimeufukua ule mchanga, na mayai yalikuwa wazi. Nilipiga kelele, nikakimbia, lakini nilikuta maganda tu. Katekista alipiga kasia muda mrefu kabla ya kusema neno. Kisha akasema, "Padre, ndege yule alikuwa akikutazama wewe. Kunguru hakumwona."

Ile picha ilitoka nzuri sana. Kila aliyeiona aliisifu. Mtu mmoja aliiomba aitundike ukumbini kwake. Hakuna aliyeweza kuona katika picha ile yale maganda mawili, kwa sababu yalikuwa nje ya ukingo.

Labda mtasema, "Padre, mayai mawili ya ndege ni jambo dogo." Ni kweli, na nisingelileta mbele yenu leo kama lingeishia hapo. Lakini mtu asiye mwaminifu katika lililo dogo, Bwana alikwisha kutuonya habari zake.

Mwaka uliofuata parokia yetu ilikuwa ikitafuta fedha za kuezeka kanisa. Tukaamua kuchapa kalenda yenye picha za ndege wa ziwa na kuiuza. Alasiri moja, siku ya Jumatatu, nilikuwa ofisini, picha zimejaa mezani, nikichagua ipi iwe ya mwezi gani. Mama mmoja akabisha hodi. Alikuwa mjane. Aliniambia kwamba shemeji yake amepokea fedha kutoka kwa mtu wa mjini, na kwamba binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, aliye darasa la sita, atachukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani. Aliomba nizungumze na shemeji yake, maana mtu huyo humheshimu Padre. Nilimsikiliza huku nikishika picha mbili mkononi, nikizilinganisha. Nikamjibu kwa upole, maana sisi mapadre twajua kusema kwa upole, "Mama, wiki hii nimebanwa sana. Njoo Alhamisi."

Jumatano binti alipandishwa basi.

Alhamisi yule mama alikuja. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Nilipomwita ndani, nikamwuliza habari za shauri lile, akasema, "Ameshaondoka, Padre. Nimekuja kwa sababu uliniambia nije Alhamisi."

Ndugu zangu, nimesoma falsafa na teolojia miaka mingi seminarini. Nimefafanua habari za mtu wa mshahara katika Dominika nyingi kama hii ya leo. Siku ile, kwenye kiti changu, nilimwona mtu huyo, naye alikuwa amevaa nguo zangu. Bwana hasemi kwamba mtu wa mshahara ni mwovu. Hamli kondoo, wala hamwuzi. Ana shughuli tu, na shughuli yenyewe yaweza kuwa njema kabisa, kama kuezeka kanisa. Lakini mbwa mwitu hangojei Alhamisi.

Aliyesimama ni yule katekista. Alipopata habari hakuja kuniuliza la kufanya. Aliuza nyavu zake, akapanda basi, akaenda katika jiji ambalo hakuwa amefika tangu ujana wake. Alikaa huko majuma matatu, akilala kwa Wakristo waliomhurumia, akizunguka na jina la mtaa tu. Kwa msaada wa viongozi wa serikali ya mtaa na polisi, alimpata mtoto. Alimrudisha kwa mama yake. Binti huyo, ambaye pamoja na mama yake ameniruhusu kuyasema haya bila kumtaja jina wala kijiji, ana kovu la maji ya moto mkononi hata leo. Alirudi shule, akamaliza kidato cha nne. Ni mama wa watoto wawili sasa. Bado hapendi mlango ufungwe kwa nguvu.

Nilipomwendea katekista na kumwambia nitaiuza kamera ili nimnunulie nyavu, alikataa. Halmashauri ya walei ilikuwa imekwisha kuchanga. Akasema, "Kamera ibaki, Padre. Ila ikae mbali na kiota. Wewe ndiwe ukae karibu na watu." Tangu siku hiyo naitii kauli ile kama naitii kauli ya askofu wangu.

Wapendwa wasikilizaji, Kiswahili chetu kina neno moja ambalo Mungu, nadhani, aliliacha kwa makusudi. Ndege yule mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo tunamwita mwari. Na msichana aliyevunja ungo, akawekwa ndani kufundwa na kulindwa, naye tunamwita mwari. Wakristo wa kale waliamini kwamba ndege mwari, wakati wa njaa, hujitoboa kifua ili awanyweshe watoto wake damu yake. Ndiyo maana mtamwona amechorwa kwenye milango ya tabernakulo na kwenye mavazi ya Misa, naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika utenzi wake wa kuabudu Ekaristi, anamfananisha Bwana Yesu na ndege huyo. Leo twajua kwamba mwari hafanyi hivyo. Makinda yake huchomeka vichwa vyao katika mfuko na koo lake, wakala samaki aliokwisha kuwameza. Na mzazi anapoukaza mdomo kifuani ili kutoa chakula, kwa mbali huweza kuonekana kana kwamba anajichoma.

Basi wazee wale walikosea kuhusu ndege, lakini hawakukosea kuhusu Kristo. Yeye kweli alitobolewa ubavu. Yeye hakujifanya amejeruhiwa kama yule kitwitwi wa mchangani, akaruka adui alipokaribia. Alijeruhiwa kweli, akafa kweli, ili adui amfuate yeye na sisi tupone. Na katika Injili ya leo anasema kwamba hakuna aliyemnyang'anya uhai wake. Aliutoa kwa hiari yake na ana uwezo wa kuutwaa tena. Hiyo ndiyo Pasaka tunayoiadhimisha kwa siku hamsini. Msalaba ni bawa la Mungu lililovunjika kweli, na chini ya bawa hilo mwari wetu wote, wa kila kijiji, wana haki ya kujificha.

Sasa tufanye nini? Niseme mambo matatu.

Kwanza, kwenu akina baba. Msiseme malezi ni ya mama peke yake. Kubeba si kununua sare na daftari tu. Jakana huchuchumaa, hujishusha mpaka kimo cha kifaranga ndipo amwingize bawani. Mtoto aliyezama majini akabakiza ncha ya mdomo haonekani na mwewe, lakini baba yake anajua alipo. Je, wewe unajua alipo wako, hasa yule aliyenyamaza? Na Sheria ya Mtoto ya nchi yetu, ya mwaka 2009, inasema kwamba mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ni mtoto. Binti wa miaka kumi na mitatu si mfanyakazi wa akiba wa ukoo. Mtu akimpokelea fedha, ameuza asicho nacho, maana mtoto huyo ni wa Mungu. Mtume Yohane, katika somo la pili la leo, anatuambia kwamba hata sasa tu wana wa Mungu, si baadaye tutakapokuwa wakubwa.

Pili, kwenu makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Kaskazini mwa nchi yetu, katika Ziwa Natron, huzaliana ndege heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Hujenga viota vya tope katikati ya maji ya magadi, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki kwa urahisi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa ndege aliyeishi Kenya, Leslie Brown, alijaribu kuvifikia viota hivyo kwa miguu. Tope lile la magadi lilimwunguza miguu vibaya, naye akaponea chupuchupu. Vifaranga wa heroe wakisha kupata nguvu hukusanyika pamoja kwa maelfu, wakatembea kama mto, na watu wazima wachache tu huwaongoza na kuwaangalia, wakati wazazi wengine wamekwenda kutafuta chakula. Kila mzazi arudipo humtambua wa kwake kwa sauti. Hiyo ni sura nzuri ya jumuiya: wachache wanalinda watoto wa wote, bila kuuliza huyu ni wa nani.

Mwaka 1962 mvua nyingi ziliwaondoa heroe Natron, wakaenda kuzaliana Ziwa Magadi, nchini Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga, yakawa pingu nzito. Wasiweze kutembea, wakaanza kufa. Watu wakaingia katika tope lile, wakawakamata mmoja mmoja, wakazivunja pingu zile kwa mikono yao, mpaka maelfu kwa maelfu wakapona. Fikirini: kifaranga kimoja, pingu moja, kisha kinachofuata. Kazi ya katekista ni hiyo. Haina picha. Watoto wetu nao wana pingu: ada isiyolipwa, ulevi wa nyumbani, mimba ya utotoni, ahadi za watu wa mijini. Zikigundulika mapema huvunjika kwa mkono. Zikiachwa, huzamisha. Kwa hiyo katika kila jumuiya pawepo mtu anayejulikana, ambaye mama mwenye shida atabisha kwake siku yoyote, hata kama si Alhamisi.

Tatu, kwangu mimi na mapadre wenzangu, na kwa vijana wanaousikia wito. Papa Fransisko, mwaka 2013, katika Misa ya kubariki mafuta, aliwaomba mapadre wawe wachungaji wenye harufu ya kondoo. Harufu haipatikani kwa lenzi ndefu. Yawezekana kupenda sura ya kundi kuliko kundi lenyewe: umati siku ya Kipaimara, waamini wakipiga vigelegele, Padre katikati yao. Kijana unayefikiri kuingia seminari, usije kwa ajili ya picha ya siku ya daraja. Hiyo ni siku moja. Njoo kama unaweza kukatizwa kazi unayoipenda na mtu aliyebisha hodi. Nanyi waamini, mtuombee sana leo, wala msiogope kutuambia, "Padre, yatosha," hata kama tumeinua mkono kuwanyamazisha.

Kabla sijamaliza, neno dogo kwa wenye kamera, na siku hizi kila mwenye simu anayo. Kutazama viumbe vya Mungu ni jambo jema. Ni namna ya kusali. Lakini ukimwona ndege anaacha mayai yake kwa sababu yako, analia na kuzunguka, au anaburuta bawa, usifurahi. Hakuchezei ngoma, anakusihi uondoke. Rudi nyuma, kwa njia ile ile uliyojia, bila kuchelewa. Picha uliyoikosa itarudi mwaka ujao, na yai lililopotea halirudi. Vivyo hivyo kwa wanadamu. Mtoto aliyeumia, mgonjwa, mtu anayelia msibani, si mapambo ya simu yako. Weka simu mfukoni, nyosha mkono.

Mimi bado ninakwenda ziwani baadhi ya Jumatatu. Mzee katekista alikwisha kutangulia mbele ya haki, naye amezikwa mahali pa kuyaona mafunjo. Kasia sasa anapiga mjukuu wake. Ile picha ya ndege mwenye bawa lililovunjika ninayo, lakini haimo katika kalenda wala ukutani. Imo ndani ya kitabu changu cha sala, kwenye ukurasa wa Zaburi ya 91, panaposema habari za mabawa ya Mungu na kimbilio lililo chini yake. Kila niifunguapo namwomba Mungu msamaha, kisha nauliza kama kuna mtu kwenye benchi la nje.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, uliyeutoa uhai wako kwa ajili yetu sisi tuliotawanyika, utukusanye chini ya mabawa yako. Uwape akina baba moyo wa kuchuchumaa mbele ya watoto wao. Uwalinde mabinti wetu walioko mbali na nyumbani, uwarudishe salama. Uwape makatekista wetu thawabu usiyoionyesha kwa macho ya watu. Utuinulie mapadre na watawa wasiokimbia. Na utusamehe Alhamisi zetu zote. Anayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Nawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!